Zamu ya Shimo la Chokaa

Katika chuo cha ngozi cha Mosetlheng, asubuhi ilianza kwa harufu kabla ya mwanga. Hata uwe umelala usingizi mzito namna gani, upepo ukigeuka kutoka upande wa mashimo ungeamka tu. Kisha Rra Seabelo, yaani Bwana Seabelo, mkuu wa chuo, angegonga sahani ya jembe la plau iliyoning'inia kwenye nguzo ya uani, na wanafunzi wangetoka mabwenini wakipiga miayo, kila mmoja na kikombe chake cha bati, kwenda jikoni kwa Mma Tshenolo, mama mpishi. Uji wa mtama ulikuwa mchachu kidogo, umekorogwa maziwa ya mgando, na redio ya mpishi ilikuwa juu ya rafu ikisema habari za mvua na ng'ombe. Waliosoma pale, ambao leo ni watu wa mvi, husema hawajanywa tena uji kama ule. Huenda ni uji. Huenda ni ujana.

Gaolekwe alikuwa wa kwanza kufika jikoni kila siku, maana ndiye aliyewahi kuamka. Alikuwa na miaka kumi na minne. Nyumbani aliitwa Gao tu, jina la babu yake, lakini mwalimu wa shule ya msingi aliliona fupi mno, akaliongezea mkia ili lifanane na majina ya watoto wengine. Alikuwa mwembamba, si msemaji sana, na alipenda chuo kile kuliko mahali popote alipowahi kuishi. Alipenda ngozi ngumu kama ubao inavyoingia kwenye maji ya maganda ya miti na kutoka laini, ya rangi ya asali. Zaidi ya vyote alipenda meza ya kukata, ile ndefu iliyokuwa karibu na dirisha, penye visu vifupi, misharasi ya kutobolea na uzi uliopakwa nta. Pale ndipo ngozi ilipogeuka kuwa kiatu.

Baba yake alikuwa mchungaji katika kambi ya ng'ombe iliyokuwa mbali, upande wa mchanga, akichunga ng'ombe wa mtu mwingine. Babu yake alichungia ukoo wa mtu huyohuyo, na baba wa babu yake vilevile. Wao walikuwa Basarwa; mmoja wao huitwa Mosarwa. Basarwa waliishi katika nchi ile kabla ya watu wote, ila wenye ng'ombe walipokuja waliwafanya wachungaji wao, mzazi akamrithisha mwana kazi hiyo bila mshahara, kwa maziwa na nguo kuukuu. Serikali mpya ilikuwa imeshasema kwamba kila raia ni sawa na mwenzake. Midomo ya watu ilikuwa bado inajifunza.

Baba yake Gao alikwenda kwa mwenye ng'ombe, akavua kofia, akaomba mwanawe aachiwe akasome ufundi. Mwenye ng'ombe alifikiri sana. Mwisho akasema kijana aende, lakini akishindwa, arudi mara moja ashike fimbo, kwa sababu ndama ni wengi na mikono haitoshi. Hayo ndiyo yalikuwa maagano. Gao aliyabeba kifuani siku zote.

Sasa, watu wa Mosetlheng wana desturi moja. Kila ukoo una mnyama wake wa heshima. Kuna watu wa mamba, watu wa tembo, watu wa tumbili, na wengi pale kijijini ni watu wa nsya, yule swala mdogo wa vichakani. Mtu hamli mnyama wake, hamuui, wala hagusi ngozi yake. Ukikutana na mgeni humuulizi baba yake ana mali gani. Unamuuliza anamchezea nani, kwa kuwa zamani kila ukoo ulikuwa na ngoma ya mnyama wake. Akishajibu, unajua umwite nani na umweke wapi.

Siku ya kwanza chuoni wanafunzi walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa zege wakiulizana hivyo. Swali lilipita kwa mmoja, likapita kwa mwingine, likawa linakuja. Gao aliliona linakuja kama mtu anavyoona vumbi la kundi la ng'ombe. Kwao hakuna mnyama wa ukoo wa namna ile. Akijibu kweli, watajua papo hapo yeye ni nani. Lebang, kijana mrefu mwenye sauti, akamgeukia na kumuuliza.

"Nsya," Gao akasema. Ndiye mnyama wa mwenye ng'ombe wao.

"Basi wewe ni ndugu yangu," Lebang akasema, akampa mkono.

Kwa miezi kadhaa akawa ndugu. Walikula sahani moja, wakacheza mpira wa matambara pamoja, na Lebang akamwonyesha jinsi ya kufunga kamba za buti bila kuinama sana. Gao alipokumbuka maisha yake chuoni baadaye, jambo hilo lilimsumbua kuliko matusi yote: kwamba Lebang alikuwa rafiki mzuri kweli, alipodhani kwamba ana sababu ya kuwa rafiki.

Katika chuo cha ngozi desturi ya wanyama wa ukoo ilikuwa na mambo yake. Ngozi zililetwa za kila namna: za ng'ombe, za mbuzi, za wanyama wa porini waliowindwa kwa kibali. Rra Seabelo, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa tembo, aliweka kanuni kwamba asiyeweza kugusa ngozi fulani ampe mwenzake, bila maneno mengi. Kwa hiyo ngozi za nsya zilipoletwa, watu wa nsya walisogea pembeni, wengine wakazishughulikia. Gao naye alisogea pembeni pamoja na Lebang.

Halafu ikaja mvua ya kwanza ya mwaka ule.

Ilikuja mchana, ghafla, baada ya ukame mrefu uliokuwa umewakausha watu hata midomo. Watu walitoka nje wakicheka na kunyoosha viganja. Mma Tshenolo alisimama katikati ya uwanja na mwiko mkononi, uso juu, akilowana kwa hiari yake. Kisha mtu akapiga kelele kwamba ngozi zilikuwa zimewambwa nje kwenye fremu. Wote wakakimbia. Gao alikimbia kuliko wote. Alifungua kamba, akakunja alichokishika, akakikumbatia kifuani, akaingia nacho kibandani akihema na kucheka. Alipokitua chini aliona watu wa nsya wamesimama wanamtazama.

Zilikuwa ngozi za nsya. Alikuwa amezikumbatia kama mtoto mchanga.

Lebang hakupaza sauti. Alimtazama mikono, kisha uso, akaona pale alichokuwa hajakiona.

"Wewe si wa nsya," akasema. "Wewe hata si wa mnyama yeyote. Wewe ni Mosarwa."

Mvua ilikuwa bado inanyesha juu ya bati, na kila mtu aliyekuwa mle ndani aliisikia.

Kuanzia jioni ile mambo yalibadilika. Kitanda cha Gao kilisogezwa hadi mlangoni, penye upepo. Kikombe chake kilitiwa alama ya msumari ili mwingine asikosee kukinywea. Wakamwita mtwana. Mwingine akimwona anapita alimwuliza ng'ombe wa baba zao hawajambo. Ovaroli za watu zilianza kuonekana juu ya kitanda chake zikisubiri kufuliwa, wala hakuna aliyesema nani amezileta.

Lakini jambo lililomuumiza zaidi lilikuwa kazini, tena lilikuja likiwa limevaa nguo za adabu. Kazi mbaya kuliko zote chuoni ilikuwa shimo la chokaa. Ngozi mbichi zililazwa mle mpaka manyoya yalegee, kisha zikatolewa kwa koleo, zikatandikwa juu ya gogo, na mtu akazikwangua kwa kisu butu mchana kutwa. Chokaa iliingia kwenye kila mkwaruzo. Glavu zilikuwapo, ila zilikuwa zimechanika vidole. Kila mwanafunzi alitakiwa kufanya kazi hiyo kwa zamu.

Zamu ya Lebang ilipofika, alisema ngozi zilizomo shimoni zimechanganyika na za nsya, hawezi. Akampa Gao. Kanuni si ilisema ampe mwenzake? Kesho yake kijana wa ukoo wa mamba akagundua kwamba mama yake mzazi alitoka kwa watu wa ng'ombe. Akampa Gao. Modukanele, mnene mmoja mcheshi wa ukoo wa tumbili, alidai kwamba mbuzi ni shemeji yake tumbili, kwa sababu wote wawili hupanda miti. Bweni zima lilicheka hadi machozi. Hata Gao alicheka kidogo. Kisha akachukua koleo na kwenda shimoni, maana kicheko kilikwisha na mbuzi walikuwa bado wamo.

"Wewe huna mnyama, huna mwiko," Lebang alimwambia. "Kazi zisizo na mwiko ni zako. Tunakuonea nini?"

Wiki zikapita. Wenzake walikuwa kwenye meza ya kukata, wakijifunza kupima unyayo kwenye karatasi, kukata soli, kutoboa kwa msharasi mashimo yaliyonyooka. Gao aliwasikia kupitia dirishani wakigongagonga nyundo. Mara moja au mbili Rra Seabelo alipita mashimoni, akamwona peke yake, akauliza mbona yuko pale tena. Kabla Gao hajafungua mdomo, Lebang alijibu kutoka dirishani kwamba anapenda, Rra, watu wake wamezoea ngozi. Rra Seabelo akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akamsifu Gao kwa bidii, akaenda zake. Sifa ile ilimchoma Gao kuliko chokaa.

Aliyekuja kuzungumza naye alikuwa Seipone. Seipone alikuwa mmoja wa wasichana wachache chuoni, mtu wa tembo, binti wa fundi baiskeli, na alikuwa na ulimi usioogopa. Alimkuta Gao kando ya bomba akipaka mikono mafuta ya ng'ombe. Ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka kama tope lililokauka.

"Mwisho wa mwaka ni mtihani wa makubazi," akasema. "Kila mtu alete jozi aliyoshona mwenyewe. Wewe utaleta nini, ndoo ya manyoya?"

Gao akasema atajaribu kukata usiku wengine wakilala.

"Kwa kisu gani? Visu Rra Seabelo anavifungia kabatini. Nenda kamwambie."

Gao akamweleza, kwa sauti ya chini, yale ambayo baba yake alimwambia asubuhi aliyoondoka: ukiwa kwa watu, kula ulichopewa na funga mdomo, ndivyo sisi tumeishi. Akamweleza pia kwamba yeye alisema uongo siku ya kwanza. Mtu aliyesema uongo ataanzia wapi kulalamika?

Seipone alifikiri. "Uongo wako uliwafanya wakupe mkono," akasema. "Ukweli wako umewafanya wakupe koleo. Sasa kati yako na wao, mwenye kosa kubwa nani?"

Usiku ule, kwenye kitanda chake cha mlangoni, swali hilo halikumwacha Gao alale.

Kila Ijumaa chuo kizima kilikutana uwanjani, katika nusu duara ya magogo yaliyosimikwa ardhini, kwa mfano wa baraza la kijiji. Kila mwenye neno alisimama akasema. Ijumaa ile Rra Seabelo alikuja na miwani puani na kutangaza walioruhusiwa kufanya mtihani wa makubazi. Alieleza kwamba asiyekuwa na mafunzo ya kutosha mezani hawezi kupimwa, na asiyepimwa hatarudi mwaka wa pili, kwa kuwa nafasi zina watu wanaozingoja. Akasoma. Majina yalikwisha na la Gao halikutajwa.

Gao aliona ndama, fimbo, vumbi, baba yake amevua kofia. Rra Seabelo alikuwa ameshauliza kama kuna mwenye neno, na alikuwa anavua miwani kwa kuondoka, pale Gao alipojikuta amesimama.

"Hawa hawasemi barazani," Lebang akasema, si kwa hasira, bali kama mtu anayemkumbusha mwenzake njia.

Ilikuwa kweli kwamba zamani ilikuwa hivyo. Wazee wengi pale kijijini wangeitikia. Rra Seabelo aliirudisha miwani puani polepole.

"Mimi ndiye ninayeendesha baraza hili," akasema. "Sema, mwanangu."

Gao akasema.

"Rra, mimi nilisema ni mtu wa nsya. Nilisema uongo kwa sababu niliogopa. Mimi ni Mosarwa, mwana wa mchungaji. Tangu mvua ya kwanza niko shimoni. Sikupenda kuwa kule. Kila mtu aliniletea zamu yake kwa kanuni yako, nami sikujua nimrudishie nani. Mezani sijakaa. Sikuja hapa kutafuta mnyama, Rra. Nilikuja kujifunza kushona viatu."

Akakaa. Modukanele akaangalia vidole vyake vya miguu. Seipone akasimama na kusema yote ni kweli, na kwamba hata yeye alikuwa anakosea kwa kunyamaza wiki zote hizo.

Rra Seabelo alishuka kutoka kwenye kiti chake, akawaambia wote wanyooshe mikono mbele, viganja juu, kama watoto wa darasa la kwanza wanaokaguliwa kucha. Kisha akapita taratibu kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Alikuta mikono yenye nta, yenye madoa ya rangi, yenye malengelenge madogo ya msharasi. Alipofika kwa Gao alisimama. Mikono ile ilikuwa na mipasuko mpaka kwenye viungo, mingine ikiwa bado mibichi. Mzee aliishika yote miwili ndani ya yake, akaigeuza mmoja baada ya mwingine.

"Shimo moja, wanafunzi chuo kizima," akasema mwishowe. "Na chokaa imejua mtu mmoja tu."

Akarudi kwenye kiti chake lakini hakukaa. Akasema kwamba kosa la kwanza ni lake. Alitunga kanuni ya kuheshimu miiko ya watu, kisha hakuangalia ilikokwenda. Na alipomwona mtoto peke yake shimoni aliuliza swali na kupokea jibu la mwingine. Heshima ya mnyama wa ukoo ni kitu chema, akasema, lakini wao wameigeuza kuwa mlango wa kukimbilia kazi. Kuanzia Jumatatu anayempa mwenzake ngozi kwa sababu ya mwiko atachukua ya mwenzake badala yake, ngozi kwa ngozi, kazi kwa kazi. Shimo litaendeshwa kwa zamu isiyouzwa wala kutolewa, na yeye mwenyewe ataanza. Gao atakwenda mezani, na atakaa pale hadi atakapopata mafunzo waliyopata wenziwe. Mtihani wake utangojea. Neno mtwana halitasikika tena chuoni, na atakayelisema atakwenda kumleta mzazi wake alirudie mbele ya baraza.

Jumatatu watu walimwona mkuu wa chuo ameingia shimoni kwa buti za mpira, suruali imekunjwa, akilaani chokaa kwa adabu. Aliyefuata katika zamu alikuwa Lebang. Lebang alikataa. Alikwenda nyumbani, akarudi na baba yake.

Rra-Lebang, kama watu walivyomwita baba yake, alikuwa mtu mkubwa kijijini, mwenye koti la sufu hata wakati wa joto. Alisimama mlangoni mwa ofisi na kuuliza, kila mtu akisikia, tangu lini mtoto wa nyumba yake akakwangua manyoya huku Mosarwa amekaa mezani.

"Tangu jana, Rra," Rra Seabelo akajibu. "Na Mosarwa akishapata mafunzo aliyonyimwa, naye atakwangua, na mwanao atakaa mezani. Ndivyo zamu inavyokwenda. Mwanao ana mkono mzuri wa kukata, nisingependa kumpoteza. Lakini mlango wa hapa unaingilika kwa namna moja tu. Kama haumfai, mchukue, sina kinyongo."

Rra-Lebang alimtazama mwanawe. Akatazama meza ya kukata, ambako Gao alikuwa ameinamia kipande cha ngozi bila kuthubutu kuinua uso. Akaenda hadi pale, akachukua kipande kile, akakigeuza, akakiweka chini. Kisha, kwa kuwa hakutaka mwanawe aikose meza ile, akamwambia Lebang avae ovaroli yake, mbona amesimama hapo kama mgeni wa harusi.

Lebang hakuwa ndugu tena siku ile, wala siku iliyofuata. Mambo ya namna hiyo hayapoi haraka kama chai. Lakini juma la pili alipotoka shimoni na vidole vimewaka moto, alikuja bombani, akasimama kando ya Gao, akaomba yale mafuta ya ng'ombe. Gao alimpa. Walipaka mikono pamoja. Halafu Lebang akasema, akiwa ameangalia maji, kwamba siku ya mvua ile yeye ndiye aliyekosa, siyo Gao. Akaongeza kwamba kitanda cha mlangoni kirudishwe mahali pake, kwa kuwa yeye mwenyewe anasikia baridi akikitazama. Usiku ule kitanda kilibebwa na Modukanele upande mmoja na Lebang upande wa pili.

Gao alikaa mezani kama mtu mwenye kiu. Jozi yake ya kwanza ilikuwa na kubazi moja nene kuliko lingine, na Seipone alisema ni nzuri kwa mtu anayekaa mlimani. Jozi ya pili ilikatika kamba. Alifumua, akaanza upya. Yale aliyoyakosa mezani yalimgharimu. Wenzake walikuwa mbele yake na hakuwafikia wote. Siku ya mtihani wake, makubazi aliyoyaweka mbele ya Rra Seabelo hayakuwa mazuri kuliko yote yaliyotengenezwa mwaka ule. Mshono wa kisigino cha kushoto ulikuwa umepinda kidogo. Mzee aliyakunja, akayavuta, akayaingiza majini, akayavaa mkononi. Akasema mshono umepinda, lakini umeshika, na mwaka wa pili upo kwa ajili ya mishono iliyopinda.

Baba yake Gao alikuja siku ya kufunga chuo, na punda wa kubebea mizigo ya mwanawe, kwa kuwa hakujua matokeo na alizoea kujiandaa kwa mabaya. Alifunga punda nje ya lango, akachuchumaa hapohapo kwenye vumbi akisubiri kuitwa. Wazazi wengine walikuwa ndani, kwenye viti. Rra Seabelo alipomwona alitoka mwenyewe, akamsalimu kwa mikono miwili, akamwita Rra-Gao, akamwingiza na kumkalisha kwenye kiti kando ya Rra-Lebang. Rra-Lebang alisogeza koti lake ili kumpa nafasi.

Mbele ya wazazi na wanafunzi mkuu wa chuo alisema maneno ambayo waliokuwapo wanayakumbuka hadi leo. Alisema kwamba mwaka ule yeye amejifunza pamoja na wanafunzi wake. "Kumwita mtu ajiunge na chuo bado siyo kumpa nafasi," akasema. "Nafasi ni kisu kilekile, meza ileile na muda uleule wa kujifunza. Mkimnyima mwenzenu hivyo vitatu kisha mkasema ameshindwa, ninyi ndio mmeshindwa. Na wewe unayeonewa, usione aibu kusema. Aibu si yako. Na wewe unayeona mwenzako anaonewa ukanyamaza kwa kuwa si wewe, jua kwamba unashika koleo upande mmoja."

Wazazi walipoanza kutawanyika Gao alimfuata baba yake langoni. Alimwambia kwamba harudi na fimbo. Anarudi likizo tu, kisha anakuja mwaka wa pili, na hata sanduku lake ameliacha bwenini. Baba yake aliitikia kwa kichwa mara nyingi, akitazama punda, kama aliyeambiwa jambo ambalo linahitaji kuelezwa kwa punda pia. Kisha Gao akapiga goti mchangani, akauchukua mguu wa baba yake, uliokuwa mgumu na mweupe kwa vumbi la njia, akauvisha kubazi. Akavisha na mguu wa pili, wa kushoto, lile kubazi lenye mshono uliopinda.

Mzee alipiga hatua chache, akasimama, akapiga nyingine. Hakuwahi kuvaa kiatu kilichopimwa kwa ajili ya mguu wake, na Gao aliupima kwa kukumbuka nyayo zake mchangani.

"Hayabani," akasema.

Wakaondoka kuelekea upande wa mchanga, punda akitembea mbele bila mzigo, na baba yake Gao, ambaye maisha yake yote alitembea akitazama chini kwa kuogopa miiba, akitembea sasa huku ameangalia mbele.